Sifuri Isiyo Sifuri: Somo la Kulinganisha, Kutoka Shamba la Pamba Hadi Picha ya Ubongo

Utangulizi

Mvua za kwanza zinaponyesha, aghalabu kati ya Novemba na Desemba, wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huingia mashambani kupanda pamba. Wilaya hizo ndizo zilizounda Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, nao ni miongoni mwa mikoa inayolima pamba kwa wingi kuliko yote nchini. Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa Bariadi, ambaye tumembuni kwa ajili ya somo hili. Ameambiwa kwamba mbolea fulani huongeza mavuno. Kwa kuwa ni mtu makini asiyekubali maneno matupu, amegawa shamba lake sehemu mbili. Sehemu ya chini, iliyo karibu na njia, ameitia mbolea. Sehemu ya juu, iliyo karibu na mlima wa mawe, ameiacha bila mbolea. Wakati wa kuchuma, sehemu ya chini imetoa pamba nyingi zaidi. Msimu uliofuata mkulima huyo akakopa fedha, akanunua mbolea ya shamba zima.

Je, mkulima huyu alifanya jaribio la sayansi? Alikuwa na nia njema, na alipima mavuno yake kwa uaminifu. Hata hivyo, jaribio lake halikumwambia lolote kuhusu mbolea, na deni alilolichukua halikuwa na msingi. Kosa lake si la watu wasiosoma tu. Limewapata pia wataalamu wenye mashine za gharama kubwa, wale wanaopiga picha za ubongo wa binadamu ukiwa kazini.

Shabaha ya makala hii ni kumwonyesha mwanafunzi, na kumsaidia mwalimu wake, jambo moja lililo chini ya majaribio yote mawili. Kipimo kikiwa peke yake hakisemi kitu. Kinachosema ni tofauti kati ya vipimo viwili. Tofauti hiyo nayo husema kweli ikiwa mambo mengine yote yamesawazishwa, na ikiwa tunajua vizuri ni hali gani tuliyoifanya kuwa msingi wa kulinganishia.

Mteremko wa Usukumani

Anayesafiri katika nchi ya Usukuma huona vilima vya mawe ya matale vimesimama hapa na pale, na chini yake ardhi ikiteremka taratibu mpaka bondeni. Udongo haufanani katika mteremko huo. Karibu na kilima kuna udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Ukiteremka hukutana na itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini yake, ambao hutumika sana kwa mpunga. Bondeni kabisa kuna mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Wakulima walizijua tofauti hizi na kuzipa majina kabla wataalamu hawajaziandika vitabuni. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii, aliouona katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, jina la katena, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Sehemu yake ya chini ilikuwa na mbolea, lakini pia ilikuwa na udongo unaoshika maji zaidi. Mavuno yalipozidi huko, ni kipi kilichoyazidisha? Mbolea na mteremko vilikwenda pamoja kama mtu na kivuli chake, na hakuna hesabu, hata iwe ngumu namna gani, inayoweza kuvitenganisha baada ya mavuno. Ilipasa vitenganishwe wakati wa kupanda.

Hesabu ya Vitalu Vinane

Tuone jambo hili kwa tarakimu. Chukua shamba lenye vitalu vinane vilivyo sawa kwa ukubwa, kitalu cha 1 kikiwa juu na cha 8 kikiwa chini. Tuseme mwaka huu mvua ni chache, hivyo kila kitalu kinachofuata kuelekea chini kinazidi kwa kilo 1. Kitalu cha 1 kinatoa kilo 10, cha 2 kilo 11, na kuendelea hivyo hadi cha 8 kinachotoa kilo 17. Tuseme pia kwamba mbolea yetu haina nguvu yoyote. Herufi A iwe kitalu kisicho na mbolea, na B kiwe chenye mbolea.

Mpango wa kwanza: AAAABBBB. Wastani wa A ni (10 + 11 + 12 + 13) ÷ 4 = 11.5. Wastani wa B ni (14 + 15 + 16 + 17) ÷ 4 = 15.5. Tofauti ni kilo 4, na yote ni ya uongo.

Mpango wa pili: ABABABAB. Wastani wa A ni (10 + 12 + 14 + 16) ÷ 4 = 13. Wastani wa B ni 14. Uongo umepungua hadi kilo 1, lakini haujakwisha, kwa sababu katika kila jozi B iko chini ya A.

Mpango wa tatu: ABBAABBA. Vitalu vya A ni 1, 4, 5 na 8; wastani wake ni (10 + 13 + 14 + 17) ÷ 4 = 13.5. Vitalu vya B ni 2, 3, 6 na 7; wastani wake ni (11 + 12 + 15 + 16) ÷ 4 = 13.5. Tofauti ni sifuri, nayo ndiyo kweli.

Mwanafunzi atambue kwamba katika mpango wa tatu hatukuuondoa mteremko. Upo pale pale. Tulichofanya ni kuugawa sawa kwa pande zote mbili, ili usiipendelee A wala B. Hiyo ndiyo maana ya kusawazisha.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Mwaka wa mvua nyingi bonde hujaa maji, na pamba haipendi mizizi yake ikae majini. Mteremko sasa unageuka: kitalu cha juu ndicho kinachotoa kilo 17 na cha chini kilo 10. Tuseme safari hii mbolea ni nzuri kweli, nayo huongeza kilo 2 katika kila kitalu. Kwa mpango wa kwanza, mkulima angeona katika mwaka mkavu kwamba mbolea imemwongezea kilo 6, na katika mwaka wa mvua kwamba imempunguzia kilo 2. Angesema mbolea hiyo haieleweki. Kwa mpango wa tatu angepata kilo 2 miaka yote miwili.

Lakini mteremko wa kweli haupandi wala kushuka kwa kipimo kimoja kama ngazi. Katikati huweza kuwa na kichuguu cha zamani, zizi lililohamishwa, au tabaka gumu lisilojulikana. Kwa ajili ya mambo tusiyoyajua, R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu aliyefanya kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alifundisha kanuni ambazo alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio. Kwanza, vitalu vinavyofanana viwekwe katika fungu moja. Pili, katika kila fungu kura ndiyo iamue kitalu kipi kipate nini. Tatu, jaribio lirudiwe katika mafungu mengi. Lile tunalolijua tunalisawazisha kwa mpango; lile tusilolijua tunaliachia kura.

Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, kimezalisha mbegu za pamba ambazo majina yake, kama vile UK 91 na UKM 08, huanza na herufi za jina la kituo hicho. Katika kazi ya namna hiyo mbegu mpya haipimwi peke yake. Hupandwa pamoja na mbegu ambayo wakulima wameizoea, katika msimu mmoja na udongo mmoja, kwa sababu mavuno ya mwaka jana yalikuwa na mvua ya mwaka jana.

Kutoka Shambani Hadi Kichwani

Msomaji huenda anajiuliza ubongo unahusianaje na pamba. Tuanze na namna picha hizo zinavyopatikana. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi zaidi, damu yenye oksijeni huletwa kwa wingi mahali hapo, tena kwa kiasi kinachozidi matumizi. Himoglobini iliyopoteza oksijeni huathiri uga wa sumaku tofauti na himoglobini iliyoibeba. Seiji Ogawa na wenzake walieleza mwaka 1990 jinsi tofauti hiyo inavyoweza kuonekana katika mashine ya MRI, na mwaka 1992 makundi kadhaa ya watafiti yakachapisha picha za kwanza za namna hiyo za ubongo wa binadamu ukifanya kazi.

Mambo matatu katika picha hizi yanapaswa kumkumbusha mwanafunzi shamba letu.

La kwanza, mashine haitoi kipimo chenye kizio maalumu, kama kilo au sentimita. Hutoa namba ambazo zikiwa peke yake hazina maana, na badiliko linalotafutwa ni dogo, aghalabu asilimia chache tu au hata chini ya asilimia 1. Kwa hiyo swali "sehemu hii inafanya kazi kiasi gani?" halina jibu. Swali lenye jibu ni "inafanya kazi zaidi katika hali hii kuliko katika hali ile?"

La pili, mashine yenyewe ina mteremko. Namba zake husogea polepole, kupanda au kushuka, kadiri dakika zinavyopita, na mtu aliyelala ndani yake naye huchoka, huzoea, au husinzia. Mtafiti akiweka kazi A kwa dakika zote za mwanzo na kazi B kwa dakika zote za mwisho, amefanya kosa lile lile la mkulima: AAAABBBB. Wakati umechukua nafasi ya mteremko.

La tatu, damu huchelewa. Badiliko hufikia kilele chake kiasi cha sekunde 5 au 6 baada ya tukio, kisha hurudi chini taratibu. Kwa sababu hiyo watafiti wengi hupanga kazi katika vipindi vya sekunde 20 au 30 hivi, A na B zikipishana mara nyingi kwa utaratibu uliosawazishwa. Vipindi vikiwa vifupi mno, mwangwi wa A huingia katika B, kama mbolea inayosombwa na maji ya mvua kutoka kitalu kimoja hadi cha jirani. Vikiwa virefu mno, haviwezi kutofautishwa na mteremko wa mashine.

Shamba la Mapumziko Halikuwa Tupu

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Ikiwa kila kitu ni tofauti, tutoe nini katika nini? Wengi wangejibu haraka: mwambie mtu apumzike bila kufanya lolote, kisha uilinganishe kazi na mapumziko hayo. Mapumziko yawe sifuri.

Mkulima anajua kwamba shamba lililoachwa bila kulimwa si shamba tupu. Limejaa magugu, na magugu hayo hunyonya maji na rutuba kama zao jingine lolote. Ubongo nao ni hivyo. Mtu akiambiwa alale kimya asifanye kitu, hukumbuka mambo ya jana, hupanga safari ya kesho, huwaza ada ya shule na ugonjwa wa mzazi. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake, huko Marekani, walieleza kwamba kuna sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi wakati wa mapumziko, na hupungua mtu anapopewa kazi ya kushughulikia.

Mwaka huo huo Craig Stark na Larry Squire walilipima jambo hili kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa sayansi anafaa kuijua. Walichunguza sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, ikiwemo hipokampasi. Watu walitazama picha, nyingine mpya na nyingine walizokwisha kuziona. Kisha watafiti wakailinganisha kazi hiyo na hali mbalimbali za msingi: mapumziko matupu, na pia kazi nyepesi, mojawapo ikiwa kutazama tarakimu na kusema kama ni shufwa au witiri. Ikawa kwamba sehemu hizo zilikuwa na shughuli nyingi wakati wa mapumziko kuliko wakati wa kazi kadhaa kati ya hizo nyepesi. Matokeo yake ni kwamba kazi ya kumbukumbu, ilipolinganishwa na mapumziko, ilionekana dhaifu au kutoweka kabisa, na pengine hata alama yake iligeuka ikawa ya kutoa badala ya kujumlisha.

Fikiri uzito wa jambo hilo. Watu ni wale wale, mashine ni ile ile, kazi ni ile ile. Kwa msingi mmoja tungesema sehemu hii inashughulika na kumbukumbu, kwa msingi mwingine tungesema haihusiki. Lau picha kama hiyo ingetumika kumwamulia mgonjwa kama sehemu yake ya kumbukumbu ni nzima au imeharibika, kosa la kuchagua sifuri lingekuwa kosa juu ya maisha ya mtu.

Lugha ya Darasani: Mfano wa Kupanga Hali

Tulete suala hili karibu na shule zetu. Watoto wengi wa Simiyu huanza kusema Kisukuma nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, na hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika sekondari. Mjadala juu ya lugha ya kufundishia ni wa siku nyingi nchini Tanzania. Tuseme kesho atokee mtu na picha ya ubongo, adai kwamba Kiingereza huwachosha wanafunzi wetu, au kwamba huwanoa. Picha ya rangi huvutia macho. Mwalimu aulize nini?

Aulize kwanza kama maneno yalisawazishwa. Neno "mwanafunzi" lina herufi 10, na neno la Kiingereza lenye maana hiyo lina herufi 7. Ikiwa maneno ya lugha moja ni marefu zaidi, tofauti inayoonekana huenda ni ya urefu. Ni vivyo hivyo kuhusu maneno ya kila siku na maneno adimu: "maji" halifai kulinganishwa na istilahi ya kemia.

Aulize pili juu ya zamu. Ikiwa kila mtu alianza na Kiswahili akamalizia na Kiingereza, Kiingereza kimebeba uchovu usio wake.

Aulize tatu juu ya msingi. Mwaka 1988 Steven Petersen, Raichle na wenzao walichapisha uchunguzi wa maneno uliopangwa kama ngazi, kwa kutumia mashine ya aina nyingine inayofuatilia mtiririko wa damu. Mtu alitazama alama tu, kisha akatazama maneno bila kusema, kisha akayatamka, na mwisho akataja kitendo kinachohusiana na neno alilopewa. Kila daraja lilikuwa msingi wa daraja lililofuata, ili tofauti iwe jambo moja tu lililoongezwa. Mantiki hiyo ilitokana na Mholanzi F. C. Donders, ambaye mwaka 1868 alitoa muda wa kazi rahisi katika muda wa kazi ngumu ili kupata muda wa kufikiri. Udhaifu wake ni kudhani kwamba ukiongeza jambo jipya, yale ya zamani hubaki kama yalivyokuwa. Mpishi anajua kwamba ukitia ndimu katika mchuzi, ladha ya chumvi nayo hubadilika.

Jaribio la Kufanya Darasani

Shule haihitaji mashine ya MRI ili kujifunza kanuni hizi. Saa yenye sekunde inatosha. Andaeni orodha tatu za maneno 20 kila moja: A, maneno ya Kiswahili, B, maneno ya Kiingereza, C, silabi zilizoungwa pasipo maana, kama "lotupi" au "gemasu". Hakikisheni jumla ya herufi katika orodha zote tatu ni sawa, na kwamba maneno ya A na B yote ni ya kawaida.

Chukueni wanafunzi 24. Hali tatu zinaweza kupangwa kwa zamu sita: ABC, ACB, BAC, BCA, CAB na CBA. Andikeni kila zamu kwenye vikaratasi vinne, vikunjeni, kila mwanafunzi aokote kimoja. Mwanafunzi asome kila orodha kwa sauti, mbali na wenzake, na muda uandikwe. Mkimaliza mtaona kwamba kila orodha imekuwa ya kwanza mara 8, ya pili mara 8, na ya tatu mara 8. Na kila moja imeifuata nyingine mara zilizo sawa. Kwa kila mwanafunzi toeni muda wa C katika muda wa A, kisha katika muda wa B. Hivyo kila mtu amekuwa fungu lake mwenyewe, na msomaji mwepesi hatalinganishwa na msomaji mzito.

Hitimisho

Mkulima wetu hakukosa bidii, wala Sayansi haimdharau. Alichokosa ni swali moja ambalo halina gharama na ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuliuliza mbele ya muuza mbolea, mbele ya tangazo la dawa, au mbele ya picha ya ubongo iliyopakwa rangi: "Kimelinganishwa na nini, na vingine vyote vilikuwa sawa?" Anayeuliza hivyo kabla ya kupanda hataingia deni kwa sababu ya mteremko.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa kutumia vitalu vinane vya somo hili, tafuta tofauti ya uongo katika mpango wa BAABABBA na mpango wa AABBBBAA. Ni mipango ipi inayosawazisha mteremko?

2. Tuseme kitalu cha 4 kilikuwa zizi la ng'ombe miaka iliyopita, nacho kinazidi kwa kilo 4. Onyesha jinsi mpango wa ABBAABBA unavyoharibika, na ueleze ni kanuni zipi za Fisher zinazosaidia.

3. Katika jaribio la darasani, je, orodha C ni sifuri ya kweli? Taja kazi ambazo akili hufanya wakati wa kusoma silabi zisizo na maana, kisha upendekeze msingi mwingine na udhaifu wake.

4. Mwalimu alianzisha masomo ya jioni, na alama za wanafunzi waliojitolea kuhudhuria zikapanda. Eleza kwa nini hawezi bado kusema kwamba masomo ya jioni ndiyo yaliyozipandisha, na umpangie jaribio lililo bora zaidi.